Maneno Aliyoyaweka Chiriku

Dada yangu ndiye aliyegundua kwamba mwanangu ameacha kuniita mama.

Alikuja Jumamosi mchana bila taarifa. Yeye ni mkunga, na wakunga wamezoea kuingia kwenye nyumba za watu saa yoyote na kuanza kutoa amri. Mvua ilikuwa imejikusanya juu ya bati tangu asubuhi ikikataa kunyesha, na chumbani mlikuwa na giza la mchana, lile linalokufanya ushone kwa kukisia. Nilikuwa kwenye cherehani nikimalizia sare za shule. Donge, mwanangu wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa sakafuni anatafuna kipande cha kitambaa. Dada yake alikaa kwenye kigoda karibu na kabati, magoti yamebanwa, mikono juu ya mapaja, ananitazama.

"Mbona hamwashi taa?" dada akauliza.

"Balbu iko chumba cha pili."

"Na ya huku?"

"Ni hiyo hiyo, dada."

Nikamweleza huku nikijitahidi kucheka, kwamba shemeji yake ameona vyumba viwili haviwezi kuhitaji mwanga kwa wakati mmoja. Balbu ni moja. Jioni huihamisha yeye mwenyewe, ameishika kwa kitambaa isimuunguze, na watoto humfuata nyuma kama vifaranga, maana wamekwisha kujua kwamba chumba anachotoka baba kinabaki giza. Dada hakucheka. Akakaa kitandani, akampakata Donge, akamgeukia binti yangu.

"Chiriku wangu, njoo umsalimie mama mkubwa."

Jina hilo hakulipata bure. Tangu afikishe miaka miwili mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa akisimulia ndoto zake, za mdogo wake, na za paka wa jirani. Sasa alikuwa na miaka mitano, na aliinuka kwenye kigoda akatembea kwa pembeni mwa nyayo, bila mlio wowote, akampa dada mkono, akainamisha kichwa na kutabasamu.

"Na salamu yangu iko wapi?"

Chiriku akanyoosha kidole kuelekea kabati.

Dada alinitazama. Mimi nikatazama kabati. Ndani yake mlikuwa na nguo, sufuria mbili na vifungo vyangu, na nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu, lakini vinyweleo vya mikono vikanisimama.

"Mdogo wangu," dada akasema taratibu, "mara ya mwisho mtoto huyu kukuita mama ilikuwa lini?"

Nikafungua mdomo kumjibu kwamba anauliza upuuzi. Jana? Jana alinivuta gauni alipotaka maji. Juzi aligonga meza. Nikarudi nyuma siku moja moja, nikakwama kwenye Alhamisi ya wiki iliyopita, pale sabuni ilipomwingia machoni akaniita kwa kelele kutoka bafuni. Siku tisa. Nilikuwa nimeishi siku tisa na mwanangu ndani ya vyumba viwili bila kuitwa mama, na badala ya kushtuka nilikuwa nimeona raha kwamba kelele zimepungua na kazi inaenda.

Dada akamkagua palepale. Akambana ulimi kwa mpini wa kijiko, akamgonga mgongo, akanong'ona nyuma ya kisogo chake mtoto akageuka. "Koo zima. Masikio mazima. Mtoto hana ugonjwa ninaoujua mimi, na ninayajua mengi." Akamshika mashavu. "Chiriku, nani amekukataza kusema?"

Mtoto akatikisa kichwa. Akafikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kama anachotaka kukinunua kina faida. Kisha akanong'ona neno moja.

"Nimeyaweka."

Akatuonyesha kidole kimoja, akakikunja. Tukaelewa, bila kuambiwa, kwamba hilo ndilo lililokuwa neno lake la siku.

Akaenda kabatini, akatoa nyuma ya sufuria kopo kuukuu la maziwa ya unga. Mfuniko ulikuwa umefungwa kwa kamba ya cherehani yangu, mizunguko mingi, na fundo la mtoto. Alilibeba kwa mikono miwili, kiwiliwili kimeinama nyuma, jinsi unavyobeba ndoo iliyojaa. Nilipolipokea lilikuwa jepesi kabisa.

Nilitaka kuona. Mama gani asingetaka kuona? Nikakata kamba kwa mkasi, nikafungua.

Hewa ya uvuguvugu ikanipita shavuni, karibu, kama pale mtu anapokusogelea kukunong'oneza. Ilinuka mdomo wa mtoto aliyetoka kunywa maziwa. Najua mtasema kopo la maziwa litanuka nini kama si maziwa, na mimi nilijiambia hivyohivyo. Lakini Chiriku alikuwa amefungua kinywa hadi mwisho, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yanamtiririka. Alikuwa anapiga yowe, na yowe halikuwa na sauti.

"Funga!" akasema dada yangu, ambaye haamini kitu asichoweza kukiosha kwa maji ya moto. "Funga kopo hilo, mdogo wangu! Funga!"

Nikafunga. Mtoto akaninyang'anya, akalikumbatia, akaenda kujibana kati ya kabati na ukuta.

* * *

Sasa niwaambie habari za mume wangu, msije mkamhukumu kabla hajafika.

Ni fundi friji. Mtaani wanamwita Fundi Bana kwa jinsi anavyobana matumizi. Njiti ya kiberiti huipasua kwa wembe zikawa mbili. Sabuni tunakata nusu, na nusu tunaikata tena. Mama yangu alinikatalia waziwazi: "Mwanangu, huyo ana mkono wa birika. Hata salamu anaitoa nusu." Nikaolewa naye hivyohivyo, nikijua, maana siku ya kwanza nilipomwona alikuja kutengeneza friji ya duka nililokuwa nashonea barazani. Hakugusa kifaa chochote. Alilaza sikio kwenye ubavu wa friji, akafumba macho, kisha akaniambia mimi, si mwenye duka, "Inalia. Inaomba kupumzishwa." Nikasema moyoni, mwanamume anayesikia friji ikilia hatashindwa kunisikia mimi.

Wakati ule alikuwa ananiita Pilipili, kwa ajili ya ulimi wangu. Alikuwa ananisindikiza nyumbani akinisimulia vichekesho vya wateja mpaka nashikilia ukuta, sina mbavu.

Halafu tukapata watoto, tukapata kiwanja, na kila kitu kikahamia kule. Nyumba ilifika usawa wa madirisha na kila tofali lilitoka mdomoni mwetu. Nikitaka kitambaa, "Tukihamia kwetu." Tukicheka mezani na Chiriku, anatazama dari na kusema, "Tutacheka kwetu." Usiku mmoja nilimuuliza kama bado ananipenda. Akavuta shuka, akasema, "Kuna neno nakuwekea. Nitakuambia siku tukiingia kwetu." Ilikuwa mwaka mmoja na nusu uliopita. Nililichukulia kama ahadi tamu. Nililingoja kila jioni nikimtazama anavyokula ameinamisha uso, na njaa niliyokuwa nayo haikuwa ya chakula.

* * *

Aliingia saa saba na nusu, mikono ina grisi, akamkuta dada amesimama katikati ya chumba na begi langu liko wazi kitandani.

"Karibu, shemeji," akasema.

"Nimekwisha kukaribia na sasa naondoka. Naondoka na mke wako na watoto. Nimempigia mwenye teksi, atafika muda si mrefu."

Mume wangu akanitazama. Nilikuwa nakunja nguo za Donge na sikuinua kichwa, kwa sababu macho yake ndiyo udhaifu wangu.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Utakuwepo tukikaa. Lini umeongea na binti yako?"

"Tunaongea kila siku."

"Wewe unaongea. Yeye je?"

Nikaisikia ile mvua juu ya bati ikidondosha tone moja, ikasita.

"Watoto wanakua," akasema. "Ametulia. Si vibaya mtoto kutulia."

"Mtoto wako ameacha kusema!" nikapasuka. "Anaweka maneno kwenye kopo! Anajihesabia neno moja kwa siku kama tunavyohesabu vijiko vya sukari! Amejifunza wapi, baba Chiriku? Nani katika nyumba hii anaweka kila kitu?"

"Msinipake matope. Mimi sijamkataza mtoto kusema." Akafuta mikono kwenye suruali. Akafuta tena. Halafu nikaona rangi ikimtoka usoni. "Nilimtania," akasema. "Siku moja tu. Nilitoka kazini kichwa kinaniuma, naye anaongea, anaongea. Nikamwambia, punguza mwanangu, utayamaliza yote, ukubwani ukose ya kusema. Nilikuwa natania."

"Wewe hutanii," nikamwambia. "Ulikuwa unatania zamani. Sasa hivi mtoto anakujua kwa sauti moja tu, ya usimalize. Usimalize sabuni, usimalize unga. Angejuaje kwamba hili moja ni utani?"

"Haba na haba..." akaanza, kwa mazoea.

"Kibaba kimejaa, shemeji," dada akamkata. "Mtoto ndiye amepungua. Akiba haiozi, ni kweli, lakini binadamu anaoza."

Akakaa kwenye kigoda cha Chiriku, mtu mzima, magoti yakamfika kifuani.

"Nilikuwa na miaka saba," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema mbele ya mtu mwingine. "Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka. Akipata, tunakula, tunaimba, ananunua pipi za nyumba nzima. Siku mwenye nyumba alipotutoa, kitanda chetu kilikaa barabarani na mvua inanyesha, na watu wanakizunguka kama jiwe. Mama hakucheka tena mpaka anakufa. Nikaona kumbe vitu vinaisha. Nikasema vyangu haviishi. Wanangu hawatakiona kitanda chao barabarani."

Nilimpenda pale, nisiseme uongo. Nilimpenda na nikafunga zipu ya begi.

"Usiende," akasema.

"Nipe sababu."

Akafungua mdomo. Nikasubiri. Dada akasubiri, naye si mtu wa kusubiri. Kisha akaufunga mdomo, akameza, na mimi nikaona kwa macho yangu neno likirudi chini.

"Basi," nikasema. "Dada, mbebe Donge. Chiriku, twende mwanangu."

Kati ya kabati na ukuta hapakuwa na mtu.

* * *

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo tu, upana wa mtoto mwembamba. Hatukumsikia akitoka. Nani angemsikia mtoto aliyejifunza kutembea bila kulaza nyayo?

Tuliita. Uani hapakuwa na jibu, bafuni hapakuwa na jibu, kwa jirani wakatuambia hawajamwona. Jambo la kutisha katika kumwita mtoto asiyetumia maneno ni kwamba unajua hata akikusikia hatakujibu. Nilikuwa nikiita huku nikijua naita bure.

"Alikuwa anaogopa nini?" dada akaniuliza. "Kabla hajatoka, alikuwa anaangalia nini?"

"Kopo," nikasema. "Nililifungua. Yalitoka. Anatafuta mahali ambapo..."

Sikumaliza. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya uani, mikono imelegea, anatazama banda lake la kazi.

"Aliniuliza," akasema. "Kabla hajanyamaza. Aliniuliza watu wananunua friji za nini. Nikamwambia, ili kitu kikae siku nyingi bila kuharibika wala kupungua."

Akakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia vile.

Bandani kulikuwa na friji tano. Kila fundi wa kazi hiyo anaijua sheria, na yeye mwenyewe aliniapia siku tulipohamia na mtoto mchanga: friji mbovu hung'olewa mlango kabla haijalala bandani, mtoto asije akajifungia ndani. Nne zilikuwa wazi, vifua vitupu. Ya tano, ile ya zamani, nyeupe, yenye kitasa cha chuma kinachojifunga kwa nje, ilikuwa na mlango wake. Friji iliyong'olewa mlango inauzwa nusu bei. Alikuwa ameuacha.

Ilikuwa imefungwa.

Nakumbuka mambo mawili. Nakumbuka kwamba kabla hajashika kitasa alilaza sikio ubavuni mwake, sekunde moja, kwa mazoea ya miaka, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Na nakumbuka mlio wa mpira wa mlango ulipoachia.

Chiriku alikuwa amekaa ndani, magoti kidevuni, kopo mapajani, macho wazi. Mashavu yalikuwa yamejaa hewa. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alikuwa amebana pumzi. Alikuwa anaiweka nayo.

Dada ndiye aliyemtoa. Alimshika kama anavyowashika wale wanaozaliwa bila kulia, kichwa chini, akampiga mgongoni mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mtoto akapwita, hewa ikamtoka kwa kishindo kidogo, akavuta nyingine, na nyingine. Mume wangu akapiga magoti kwenye mafuta na misumari, akalaza sikio kifuani pa mwanawe, akabaki hapo.

Kopo lilikuwa limeanguka, mfuniko umetoka. Lilibiringika mpaka miguuni pangu likatulia.

"Ulisikia nini?" nikamuuliza. "Ulipolaza sikio. Ulisikia nini mle ndani?"

"Sauti."

"Alikuwa amebana pumzi. Sauti ya nani?"

Na hapo ndipo Chiriku, kichwa chake begani kwa dada, akaanza kusema.

Sauti ilikuwa yake, ile nyembamba, ya chiriku kabisa. Maneno hayakuwa yake.

"Pilipili," akasema.

Mtoto wetu hakuwahi kulisikia jina hilo. Lilikufa kabla hajajua kutembea.

"Pilipili, gauni la bluu limekupendeza. Zima hilo cherehani, macho yako yamekuwa mekundu, njoo ulale." Alisema bila kutuangalia, bila haraka, kama anayetoa vitu kwenye mfuko na kuvipanga mezani. "Nimekosea jana. Sukari haikuwa na maana, nisamehe. Leo nimeziona hereni, nimezishika, nimezirudisha. Zilikuwa za kijani. Mwenye duka amenicheka."

"Hereni gani?" dada akanong'ona.

Mume wangu alikuwa ameketi chini kabisa. "Zilikuwa za kijani," akasema. "Mwezi uliopita. Nilikuwa peke yangu. Sikumwambia mtu."

"Ulisema kwa sauti? Labda ulisema usingizini?" dada akamuuliza.

"Hilo la gauni nililisema moyoni. Yote hayo nimeyasema moyoni." Akanitazama, na hofu iliyokuwa machoni pake ilikuwa hofu ya mtoto. "Mke wangu, hayo ni yangu. Yote hayo ni yangu. Nilikuwa nayameza."

Mvua ikaanza, ghafla na yote kwa pamoja, banda likajaa kelele, na bado tulimsikia Chiriku kila neno. Alisema niliyoyangoja miezi kumi na minane. Alisema mimi ni mzuri nikikasirika. Alisema mama yangu alikuwa sahihi, na kwamba mume wangu analijua hilo, na kwamba kila asubuhi akitoka anageuka kwenye kona kutazama mlango. Nililia huku nimeshikilia friji ile ile iliyotaka kumla mwanangu. Mwili ulinisisimka kwa woga, na chini ya woga kulikuwa na furaha niliyoionea aibu.

"Mke wangu," Chiriku akasema, "mimi..."

Akakwama. Akapumua. Akainua kichwa begani kwa dada, akamtazama baba yake moja kwa moja, akimsubiri.

Nje honi ikalia. Teksi imefika.

"Malizia," nikamwambia mume wangu. "Hilo usimwachie mtoto."

"Mimi naogopa," akasema. Sauti ilimtoka imechakaa, kama mlango wa chumba kilichofungwa muda mrefu. "Nilifikiri nikilisema litakwisha. Nikilisema kila siku, siku tukitupwa nje nitabaki na nini cha kukupa? Nikaliweka. Nakupenda, Pilipili. Nilikupenda jana na nilikuwa kimya, nimekupenda leo asubuhi unakunja kola na nimekupita kama ukuta. Naogopa kukupoteza kuliko ninavyoogopa kulala barabarani, na nimeishi kinyume chake. Ukienda leo sitakuzuia. Lakini sikutaka uende bila kulisikia kwa mdomo wangu."

Maneno kama hayo, mbele ya shemeji yake, chini kwenye mafuta ya mashine. Dada akageukia mvua na kujifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Sikumjibu. Kuna hasira ambazo haziondoki kwa sababu mtu amelia, na mlango ule wa friji nitauona mpaka nakufa. Nilimpokea mtoto kutoka kwa dada, nikamweka begani kwangu. Alikuwa mzito. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mzito.

Dereva akatokea kwenye kona ya nyumba, gazeti kichwani, viatu vimelowa. "Jamani, nimepiga honi mpaka nimechoka. Mnatoka au hamtoki? Kusubiri kuna bei yake, nisije nikaonekana mwizi baadaye."

Nilimwona mume wangu akifikiri. Miaka ya kubana haikatiki kama uzi. Niliona kabisa hesabu ikimpita usoni, dakika kwa dakika. Akainuka, akafuta magoti.

"Zima injini, ndugu yangu," akasema. "Kaa pale barazani usinyeshewe. Hata ikifika jioni tutakulipa. Nina mambo ya kumwambia mke wangu kwanza, na ni mengi."

Dereva akatuangalia mmoja mmoja, akainua mabega, akaenda. Mume wangu akanisogelea mpaka nikahisi joto la uso wake, akaanza. Alikuwa anakosea, anarudia, anatafuta. Alianza na siku ile ya duka, alichokiona aliponitazama kabla hajalaza sikio. Nami nilikuwa nasikiliza kwa mwili mzima, na haikunichukua muda kuhisi kitu shingoni mwangu, kitu laini, chenye pumzi, kinachotembea.

Ilikuwa midomo ya Chiriku. Ilikuwa inasema bila sauti kila alichokuwa anasema baba yake, ikimtangulia kwa neno moja.

Nikainua mkono, nikamfunika midomo kwa kiganja, taratibu, nikaushikilia hapo mpaka ikatulia, ili baba yake aliseme linalofuata mwenyewe.